Ndovu Niliyempanda

Kwetu Taita, mtu akisema anakwenda safari, alikuwa anakwenda Mombasa kumtazama mgonjwa, au Nairobi kufuatilia cheti kilichopotea ofisini. Nilipohamia Toronto ndipo nilipojua kwamba neno hilo, mdomoni mwa watu wengine, ni gari lisilo na paa, kofia pana na darubini shingoni. Wagonjwa wangu wodini, wakishajua natoka Kenya, huniuliza kama nimewahi kwenda safari. Nilizoea kujibu ndiyo huku nawabadilishia shuka, nikijua kwamba mimi na wao hatuzungumzii kitu kimoja.

Ndovu lakini niliwajua. Nyumba yetu ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mpaka wa mbuga ya Tsavo, na mahindi yakianza kukomaa walikuja. Hatukuwa tukiwaona vizuri. Tulisikia mabua yakivunjika, kisha tukasikia baba akipiga debe na kupaza sauti, na asubuhi tukaenda kutazama kilichobaki. Nyayo zao zilikuwa pana kama sinia. Mama alikuwa akiokota magunzi yaliyotafunwa nusu na kuyaweka kwenye kikapu cha mbuzi.

Baba alichechemea mguu wa kushoto. Tuliambiwa ni ndovu: aliingia shambani, baba akatoka kumfukuza, akavunjwa mguu. Mimi nilikuwa na miaka mitatu wakati huo, kwa hiyo sikumbuki siku yenyewe. Nakumbuka fimbo yake tu, na jinsi alivyokuwa akikaa ubavu ubavu kwenye kigoda. Nilipofika darasa la tatu nilipelekwa Mombasa kwa shangazi nikasomee huko, na insha ya kwanza niliyosifiwa ilihusu mguu wa baba. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Likizo ilipofika niliibeba nyumbani nikamsomea baba mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aishike karatasi, akasema mwandiko wangu ni mzuri.

Alifariki mwaka wangu wa pili hapa Kanada. Karatasi zangu zilikuwa bado ziko serikalini na nikitoka nchini nisingeruhusiwa kurudi, kwa hiyo sikumzika. Nililia siku moja, siku ya pili nikaenda kazini.

Aliyenipandisha ndovu ni muuguzi mwenzangu. Ni mwanamke wa hapa hapa Toronto, mjane, tumefanya kazi wodi moja miaka tisa. Alikuwa anakaribia kustaafu na alikuwa amepanga, yeye na dada yake, kwenda kuona wanyama kusini mwa Afrika, karibu na maporomoko ya mto Zambezi. Dada akaugua goti, akakatazwa kusafiri. Kila kitu kilikuwa kimeshalipiwa. Akanifuata chumba cha mapumziko akaniuliza kama ningependa kushika nafasi ile, kwa sababu angejisikia vizuri zaidi akienda na mtu anayekujua kule. Nilimwambia kule sikujui, sijawahi kufika, na kutoka kwetu ni mbali sana. Akasema niende hata hivyo.

Nilikubali, na hadi leo nikijiuliza kwa nini, napata jibu tofauti kila mara. Nilikuwa nimechoka na baridi. Mama alikuwa ameshakuja kukaa nasi Etobicoke, magharibi mwa Toronto, tangu kiangazi, kwa hiyo binti yangu alikuwa na mtu wa kumwangalia. Na pia, nadhani, niliona aibu. Nina miaka arobaini na sita, nimetoka nchi ambayo dunia nzima huenda kutazama wanyama, na wanyama wenyewe nilikuwa nimewaona kwa matako, wakiondoka na mahindi yetu.

Siku ya tano ya ziara ile tulipelekwa mahali ambapo watu hupanda ndovu. Sikuwa nimejua kwamba jambo hilo liko kwenye ratiba. Kulikuwa na jukwaa la mbao lenye ngazi, na ndovu waliletwa mmoja mmoja wakasimama kando yake kama mabasi kituoni. Kila ndovu alikuwa na tandiko, na mbele ya tandiko amekaa mwanamume wa kumwongoza. Mwenzangu alipandishwa kwanza, akicheka kwa woga. Kisha zamu yangu ikafika.

Mwongozaji wangu alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Aliniuliza kwa Kiingereza nimetoka wapi. Nikasema Toronto. Akanitazama usoni, akauliza tena, nikasema Kenya.

"Kwenu si wapo?" akauliza.

"Wapo."

"Basi huku umefuata nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua kweli. Nikapanda.

Nitasema ukweli wa kilichokuwa moyoni mwangu nilipokuwa nainua mguu kutoka kwenye lile jukwaa. Nilimwaza baba. Nilijiambia kwamba leo nitakaa juu ya huyu mnyama kwa niaba ya ule mguu, kwa niaba ya debe lililopigwa miaka yote ile, na kwa niaba ya mama na magunzi yake. Nilidhani nitajisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndovu akaanza kutembea, na ile hasira sikuiona tena. Niliitafuta kabisa, kama mtu anayejipapasa mifukoni akitafuta ufunguo. Kilichokuwepo ni joto. Mwili wake ulikuwa wa moto chini yangu, na mabega yake yalipanda na kushuka kwa zamu, polepole, mpaka kiuno changu kikaanza kufuata bila kuambiwa. Nywele zake chache ngumu zilinichoma kupitia suruali. Tulipofika kwenye mti fulani alisimama, akavunja tawi, akaanza kula, na yule mzee akamwacha ale. Sauti ile ya tawi kuvunjika niliijua. Nilikuwa nimeisikia utotoni nikiwa nimejifunika shuka hadi kichwani, na sasa nilikuwa nimekaa juu ya mvunjaji mwenyewe, najishikilia kwenye tandiko, na machozi yananitoka. Nyuma yangu mwenzangu alikuwa akipiga picha na kuniita nigeuke. Niligeuka, nikatabasamu.

Tuliposhuka tulipewa chakula cha punje punje tumlishe. Mkonga wa ndovu ulikuja kiganjani mwangu ukiwa na unyevu, ukapumua, ukazoa zile punje zote, ukarudi tena kutafuta. Nikajikuta namwambia ahsante kwa Kitaita. Hotelini niliosha mikono kwa sabuni mara mbili. Baadaye nikanusa viganja, nikasikitika kwamba harufu imekwisha.

Tuliporudi Toronto, mwenzangu aliichapisha ile picha kwa ukubwa, akaiwekea fremu, akanikabidhi mbele ya wauguzi wote. Kwenye picha nimeketi wima, nimegeuza shingo, nacheka kwa meno yote. Hakuna anayeweza kuona machozi. Walipiga makofi. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaenda nayo nyumbani kwa basi, nimeikumbatia kifuani, na theluji nyembamba inaanguka.

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu. Kiswahili anakielewa chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, na nyanya yake hubahatisha maana akamjibu kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo walivyokaa mwaka mzima bila kugombana. Nilipoitoa picha mezani aliitazama kidogo tu, kisha akaniuliza kama najua ndovu hufanywaje mpaka akubali kupandwa. Shuleni walikuwa wamesoma. Akanieleza kuhusu watoto wa ndovu wanaotenganishwa na mama zao, kuhusu minyororo, kuhusu fimbo zenye ncha ya chuma. Alieleza taratibu, kama mwalimu.

Nilimwambia hawa tuliowapanda sisi tuliambiwa walikuwa yatima waliookolewa wakati wa ukame.

"Ndivyo mlivyoambiwa," akasema.

 Nilikumbuka kwamba yule mzee alikuwa na kijiti kifupi mapajani, na kwamba hakukitumia hata mara moja nikiwa juu, na kwamba ndovu alikijua kipo. Nikasema lililokuwa karibu mdomoni. Nilimwambia yeye amemsoma ndovu kwenye skrini, lakini mimi ndovu alimvunja baba yangu mguu, na alikula chakula kilichokuwa kiingie tumboni mwangu.

Akanitazama. "Kwa hiyo ulikwenda kulipiza kisasi kwa mwingine?"

Nilitaka kukasirika. Badala yake nikaona uso wangu unapata moto, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nimekifuata kwa dakika moja pale juu ya jukwaa, na hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia.

Mama alikuwa upande wa pili wa meza akichambua mchicha. Kiingereza hakijui, ila ugomvi anaujua. Akauliza tunabishania nini. Nikamtafsiria, nikiruka yale ya kisasi. Akapangusa mikono kwa kanga, akaichukua ile picha, akaenda nayo dirishani penye mwanga. Sisi tunakaa ghorofa ya kumi na moja, na dirishani kwetu huonekana majengo mengine kama letu na barabara kuu chini yake. Alisimama pale muda mrefu.

Alipoanza kuuliza, aliuliza mambo ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza. Ni dume au jike. Masikio yake yalikuwa mazima au la. Mgongo wake ni mgumu au unabonyea. Nikamjibu yote. Kisha akarudi akaketi, akaiweka picha kifudifudi juu ya meza, akasema:

"Mwanangu, baba yako hakuvunjwa mguu shambani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia.

Alisimulia bila haraka, na mimi nikimtafsiria binti yangu vipande vipande, maana mama akisimulia ya nyumbani huchanganya Kitaita. Ulikuwa mwaka wa ukame. Watu walikuwa wamechimba kisima kwenye mchanga wa mto uliokauka, kirefu, chenye kingo za wazi. Asubuhi moja wakakuta ndovu mdogo ametumbukia humo, wa miaka mitano hivi, amekwama hadi mabegani. Mama yake na wenzake walikuwa wamesimama upande wa pili wa mto. Askari wa mbuga walipokuja walipiga risasi hewani kuwasogeza wale wakubwa, kisha wakaomba watu walete majembe.

Wengi walikataa. Mama alisema hakuwalaumu, mwaka ule hakukuwa na nyumba yenye mahindi. Wengine walikuja kutazama tu, wengine walikuja na visu wakingoja afe. Baba alikuja na jembe. Shamba letu lilikuwa limeliwa lote wiki mbili kabla, na watu walijua, kwa hiyo alipoteremka ndani ya lile shimo na kuanza kuchimba mteremko upande wa mbele wa ndovu, walinyamaza kwanza, halafu wakaanza kucheka.

Alichimba na askari wawili mpaka jua likawa la utosi. Ndovu alipopata pa kukanyaga alijitupa juu kwa mara moja, ukingo ukaporomoka, udongo ukamfunika baba hadi kiunoni. Mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa kwenye jiwe. Ndovu naye sikio lake lilichanika kwenye jiwe hilo hilo alipopita.

Hapo nikashindwa kuendelea kutafsiri. Binti yangu akaniambia niache tu, anafuata.

Nikamuuliza mama kwa nini tulidanganywa. Akasema neno hilo ni zito, hakuna aliyetudanganya. Ndovu alivunja mguu, na huo ni ukweli, ni mahali tu palipobadilishwa. Baba alimkataza kutusimulia. Aliona aibu. Alisema watoto wake hawatakua wakisikia kwamba baba yao alilemaa akimchimbia njia mnyama aliyewalaza njaa. Waliokuwa wanajua walimtania mwaka mmoja, miwili, kisha wakachoka, na mimi nikawa nimepelekwa Mombasa.

"Na ile insha?" nikauliza.

"Alikuwa na nafasi ya kukuambia siku ile," mama akasema. "Nilimtazama, nikadhani atasema. Akasifu mwandiko."

 Kichwani mwangu kulikuwa na wanaume wawili, mmoja anapiga debe na mwingine yuko shimoni na jembe, na sikuweza kuwafanya wawe mtu mmoja. Nikauliza swali lililobaki: kwa nini aliteremka.

Mama aliwaza. "Nilimuuliza na mimi. Alisema alikuwa analia."

"Nani, baba?"

"Ndovu. Alisema alikuwa analia na hakuna aliyekuwa anafanya kitu."

Binti yangu akauliza, kwa Kiingereza chake, kama yule ndovu alipona. Sikuhitaji kumtafsiria mama, swali lilikuwa usoni mwake.

"Alipona," mama akasema. "Msimu uliofuata alirudi na mama yake wakala mahindi. Tulimjua kwa lile sikio."

"Na babu?"

"Alitoka na fimbo, akapiga debe."

Binti yangu alicheka, kisha akaacha ghafla akinitazama kama anaomba ruhusa. Mimi pia nilikuwa karibu kucheka. Mama alikuwa ameshaanza kuchambua mchicha tena.

Wiki zile zilizofuata sikujua niitazame vipi ile picha. Nikiwa peke yangu niliifungua nikautazama ule uso wangu unaocheka. Nilikuwa nimepanda kwa hasira ambayo haikuwa na mahali pa kusimama. Lakini nikisema nilikosea, nakumbuka joto lile na mabega yanayopanda na kushuka, na najua kwamba sijawahi kuwa karibu na baba kama nilivyokuwa pale juu, hata siku alipozikwa, maana sikuwepo. Na nikisema basi ilikuwa vizuri, namwona yule mzee na kijiti chake, na namsikia binti yangu. Naye sijui kama anasema kweli kuhusu ndovu wale. Sijui kama wale walioniambia ni yatima walisema kweli. Nimejaribu kusoma, na kila ninachosoma kinanipeleka upande wake.

Mama alitaka itundikwe sebuleni. Binti yangu alisema ikitundikwa hataleta rafiki nyumbani. Nikaiweka nyuma ya kabati, na hakuna aliyefurahi, nami pia.

Jumapili moja baada ya ibada ya Kiswahili, tukinywa chai kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, mama mmoja kutoka Kongo alisikia habari za safari yangu akaniomba nimwonyeshe picha kwenye simu. Akaipitisha meza nzima. Wengine walisema nimejitahidi, wengine wakashangaa mtu anawezaje kumkalia mnyama mwenye akili. Mama yangu alikuwa ameketi pembeni yangu. Nilimwona anataka kusema jambo, akafungua kinywa, kisha akaomba apitishiwe sukari. Nilifahamu kwamba bado anaitunza aibu ya mumewe, hata mbele ya watu ambao hawakumjua.

Mwenzangu alistaafu majira ya kuchipua. Siku yake ya mwisho aliniuliza picha nimeitundika wapi. Nikaona siwezi kumdanganya mtu aliyenipa kitu kwa moyo mweupe, nikamsimulia yote, tumesimama kwenye korido karibu na kigari cha dawa. Alisikiliza. Mwisho akauliza kama ningejua habari za kisima kabla, ningepanda au nisingepanda.

"Sijui," nikasema.

Akasema hata yeye, tangu arudi, amekuwa akisoma mambo kuhusu wale ndovu, na hakutaka kuniambia kwa sababu alidhani kwangu siku ile ilikuwa ya furaha. Nikamwambia ilikuwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, nami nikamwonea wivu, kwa sababu mimi nilikuwa sijaelewa.

Mama alirudi Taita mwezi wa sita. Sanduku lake lilijaa sweta na dawa za magoti, na asubuhi ya safari nilimkuta akiipanga ile fremu katikati ya kanga mbili. Hakuniomba, na sikumzuia. Kwenye uwanja wa ndege binti yangu alimsukumia kiti cha magurudumu mpaka pale wasindikizaji wanapoishia, akamwinamia, akamuuliza kwa Kiswahili, neno moja moja, kama kisima kile bado kipo.

Mama akamshika shavu. Akamwambia kilishafukiwa na mafuriko zamani, pamebaki mchanga tu, lakini mahali penyewe anapajua, na tukija atatupeleka.

Tumeshakata tiketi za Desemba. Binti yangu ameanza kuniuliza maneno ya Kitaita, na mengine imebidi nimpigie mama simu kwa sababu nimeyasahau. Ametoa sharti moja tu: atakwenda popote nyanya atakapompeleka, ila hatapanda mnyama yeyote. Nimemkubalia. Nimemwambia pia kwamba sijui tutafanya nini tukifika pale mtoni, kama tutaomba, au tutapiga picha, au tutasimama tu. Akasema si lazima kujua sasa.